Mkonge Huzaa Nakala Yake, Silikanti Hawezi

Abiria anayetoka Segera kwenda Tanga mjini hupita katikati ya mashamba ya mkonge kwa muda mrefu, na ni nadra akafikiri kwamba nje ya dirisha la basi kuna kloni, yaani nakala za mmea mmoja, zilizopangwa mistari hadi upeo wa macho. Mkonge wa asili tunaoulima hautegemei mbegu. Ukikomaa huchomoza mlingoti mrefu, na kwenye matawi ya mlingoti huo huota miche midogo ambayo kila mmoja una vinasaba vilevile vya mmea uliouzaa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, nayo ilipofika katika pwani yetu, iliyokuwa bado hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyojaza Pangani, Muheza na Korogwe, ikaleta reli, manamba na miji, bila mche kuhitaji baba.

Ninaanza na mkonge kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kloni huanza na hofu au na ndoto, ilhali mkoa huu umeishi na jambo lenyewe kwa zaidi ya karne moja. Siku hizi ndoto ndiyo imetangulia. Kila habari inapotangazwa kwamba maabara fulani ya Marekani imemrudisha mnyama fulani, vijiweni kwetu husikika faraja ya ajabu: basi hata tembo wakiisha, hata nguva wakiisha, wazungu watatutengenezea wengine. Faraja hiyo imejengwa juu ya sayansi ya kweli iliyoeleweka nusu. Kloni humfaa mnyama mwenye ndugu wa karibu anayefugika, ambaye anaweza kumwazima yai na tumbo la uzazi. Wengi kati ya wanyama walio hatarini katika mkoa wa Tanga, akiwamo silikanti, samaki wa kale wa bahari yetu, hawana ndugu wa namna hiyo.

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Huchukuliwa seli ya mwili wa mnyama anayetakiwa, kwa mfano ya ngozi. Huchukuliwa pia yai la jike mwingine, likaondolewa kiini chake, yaani sehemu yenye vinasaba, kisha kiini cha seli ile kikawekwa mahali pake. Yai hilo likichochewa na kuanza kugawanyika, hupandikizwa katika tumbo la jike wa tatu. Hivi ndivyo alivyopatikana kondoo Dolly, aliyezaliwa Scotland tarehe 5 Julai 1996 kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima. Sifa zilimwendea Dolly, lakini hesabu ya kukumbuka ni 277: mayai yaliyotengenezwa yalikuwa 277, viinitete vilivyofaa kupandikizwa vikawa 29, na mwanakondoo akawa mmoja. Kondoo wapo kwa mamilioni, na mayai 276 yaliyopotea hayakumkosesha mtu usingizi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mnyama ambaye majike waliobaki duniani wanahesabika kwa vidole, uone ni nani atakayetoa mayai.

Ndiyo maana walioshughulikia wanyama adimu waliazima kwa jamaa. Mwaka 2001 huko Iowa ng'ombe wa kawaida alimzaa ndama wa gauri, ng'ombe-mwitu wa Asia, na ndama huyo akafa kwa kuhara baada ya siku mbili. Nchini Hispania, mbuzi-mwitu wa mwisho wa aina ya bucardo, jike aliyeitwa Celia, aliangukiwa na mti Januari 2000, lakini wataalamu walikuwa tayari wamehifadhi seli zake. Mwaka 2003 mbuzi aliyebebeshwa mimba alizaa nakala yake, ikaishi dakika chache tu kwa sababu mapafu yalikuwa na kasoro. Watu husimulia kisa hicho kwa kusema kwamba bucardo ametoweka mara mbili. Mimi hukitazama kwa jicho jingine: hata kama yule mwanambuzi angepona, angekuwa jike peke yake duniani, kwa kuwa hakuna aliyehifadhi seli za dume.

Yapo mafanikio, na si haki kuyaficha. Kicheche wa Marekani mwenye miguu myeusi alidhaniwa ametoweka hadi mwaka 1981, kundi dogo lilipogunduliwa Wyoming. Vicheche wote walio hai leo wametokana na wanyama saba tu wa kundi hilo, yaani msingi mwembamba hata kuliko miche 62 ya Hindorf. Jike mmoja aitwaye Willa hakuwa miongoni mwa hao saba. Alikufa mwaka 1988, na seli zake zikagandishwa katika benki ya San Diego, California, ambayo tangu miaka ya 1970 hukusanya seli za wanyama wa aina nyingi na kuzihifadhi katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Desemba 2020 kicheche wa kufugwa alimzaa Elizabeth Ann, nakala ya Willa. Huyo hakuweza kuzaa, lakini nakala nyingine ya Willa, Antonia, ilipandishwa na dume wa kawaida na kuzaa mwaka 2024. Damu iliyokuwa imekatika miaka zaidi ya 30 ikarudi katika ukoo. Vivyo hivyo farasi-mwitu wa Przewalski, mwenyeji wa nyika za Mongolia: mwaka 2020 farasi wa kawaida huko Texas alizaa dume kutokana na seli zilizogandishwa mwaka 1980.

Msomaji makini ataona kwamba katika visa hivyo viwili kloni haikumfufua mnyama aliyekwisha. Vicheche walikuwapo, farasi walikuwapo, na walikuwa wakizaliana katika vituo na kurudishwa porini kwa kazi ya miaka mingi. Kloni iliongeza utofauti wa vinasaba katika kundi hai ambalo lilikuwa limekaribiana mno kinasaba, na hiyo ndiyo kazi inayoiweza. Haikugusa maradhi yanayowamaliza vicheche hao porini, ambayo mojawapo ni tauni, ugonjwa ambao wenzetu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa.

Hatari ya kukaribiana kinasaba mkulima wa Tanga anaifahamu bila kuingia maabara. Mkonge chotara namba 11648, uliokuzwa katika kituo cha Mlingano wilayani Muheza, ulisifiwa kwa wingi wa majani, ukapandwa nakala kwa nakala. Ulipokuja ugonjwa wa madoa ya majani, ule ambao wataalamu waliupa jina la Korogwe, kila mche shambani ulikuwa na udhaifu uleule wa jirani yake. Kundi la wanyama lililojazwa nakala za mnyama mmoja halina tofauti na shamba hilo.

Sasa tugeukie bahari yetu. Silikanti alijulikana kwa wanasayansi kama kisukuku tu, samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria yapata miaka milioni 66 iliyopita, hadi Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta miongoni mwa samaki wa meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini. Baadaye alipatikana Komoro. Kuanzia mwaka 2003 akaanza kunaswa katika pwani ya Tanzania, na haukupita muda Tanga ikawa mahali anaponaswa mara kwa mara, kwa sababu wavuvi wetu walikuwa wakitega jarife, wavu wa papa, kwenye kina kirefu, karibu na miamba anakojificha mchana. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba silikanti wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania ni kundi lenye nasaba tofauti na la Komoro. Kwa maneno mengine, hawa wa kwetu wakiisha, wa Komoro si mbadala wao kamili.

Je, kloni ingemsaidia? Yai la silikanti ni kubwa, linakaribia chungwa, na jike hatagi: hulibeba tumboni hadi mtoto akamilike. Utafiti wa magamba uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mimba huchukua yapata miaka mitano, na kwamba samaki huyu anaweza kukaribia miaka 100 ya kuishi. Hakuna samaki wa kufugwa aliye jamaa yake. Jamaa wake wa karibu zaidi ni silikanti wa Indonesia, ambaye naye yuko hatarini. Basi anayetaka nakala moja lazima ampate jike hai wa kutoa yai na jike hai wa kubeba mimba, wote kutoka kina cha zaidi ya mita mia moja, na silikanti akipandishwa juu, kwenye maji ya joto yenye oksijeni kidogo, kwa kawaida hufa baada ya saa chache. Tungewaua kadhaa ili kujaribu kumpata mmoja, kisha tusubiri miaka mitano kujua kama tumefaulu. Sidhani kama kuna nahodha wa Mwarongo au Kigombe ambaye angeiita hiyo biashara.

Panda kutoka baharini hadi Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki, mambo hayawi rahisi zaidi. Yuko ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, anayepatikana katika misitu hiyo na kaskazini mwa Msumbiji tu. Ndege hawafai kabisa kwa njia iliyomleta Dolly, maana yai la ndege lina kiini cha njano kikubwa na ganda, na kulitoa, kulibadilisha na kulirudisha ni kazi ambayo hadi leo haijawezekana kama inavyowezekana kwa kondoo. Wapo wanaojaribu kupitia seli za uzazi za vifaranga ambao bado wako ndani ya yai, wakitumia kuku kama mzazi wa kuazima. Hiyo ni njia nyingine, na kutoka kuku hadi ndege wa gramu chache wa Amani ni safari ndefu.

Vyura ndio kichekesho cha sayansi hii. Kabla ya kondoo walikuwa wao: John Gurdon, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, alitengeneza kloni za chura wa Afrika mwenye kucha miaka zaidi ya 30 kabla ya Dolly. Mtu angedhani basi kwamba vyura wa Tanzania wako salama. Lakini yule chura wa Gurdon hutaga mayai mengi majini, ilhali chura wa Kihansi, ambaye jike wake hafiki hata sentimita tatu, huzaa watoto walio tayari, na jamaa zake wa jenasi hiyohiyo waliomo Usambara huishi kwa mtindo huo. Mayai yao machache yamo ndani ya mwili mdogo mno. Hakuna wa kumwazima.

Na bado chura wa Kihansi yu hai. Kisa chake kinastahili kufundishwa shuleni kuliko cha Dolly. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, eneo la hekta chache tu, wakati bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani wakatunzwe katika bustani za wanyama. Bondeni vikafungwa vinyunyizio kuiga yale manyunyu, kisha ukaja ugonjwa wa kuvu (fangasi) unaoua vyura, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wale wa Marekani walipata misukosuko na vifo vingi kabla ya kutulia na kuzaliana. Mwaka 2010 wakaanza kurudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaachiwa tena Kihansi. Hakuna kloni hata moja katika habari hiyo. Palikuwa na mabomba, taa, wadudu wadogo wa kulisha, na watu waliokesha. Palikuwa pia na bonde lililoachwa na unyevu wake, na kama vinyunyizio visingefungwa, vyura wangerudishwa wapi?

Atakayenipinga atanitajia faru, na atakuwa na hoja. Faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na binti yake Fatu, wote majike, huko Ol Pejeta nchini Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Watafiti huchukua mayai ya Fatu, huyarutubisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa, na kutunza viinitete ili wabebeshwe faru weupe wa kusini. Hiyo kwa usahihi si kloni, ingawa ni jamaa yake wa karibu, na sambamba nayo wapo wanaotafuta njia ya kugeuza seli za ngozi kuwa mayai. Januari 2024 ilitangazwa kwamba mimba ya kwanza ya faru kwa kupandikiza kiinitete ilishika, kwa kutumia kiinitete cha kusini kama jaribio. Jike aliyeibeba alikufa kwa maambukizi ya bakteria, mimba ikiwa na siku 70. Ni hatua ya kweli. Lakini faru weupe wa kusini, hao mama wa kuazima, wametoka wapi? Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki wachache mno huko Afrika Kusini, wakalindwa na kuhamishwahamishwa hadi wakawa maelfu. Tumbo linaloazimwa leo ni matunda ya askari wa wanyamapori na uzio. Sisi pia tunalo jambo la aina hiyo nyumbani: Mkomazi, hifadhi ambayo sehemu yake imo mkoani Tanga, ilirudishiwa faru weusi kuanzia mwaka 1997, nao wamekuwa wakizaliana bila msaada wa maabara.

Kuhusu wale wanaosema kwamba kloni ni kumwingilia Mungu kazi yake, nitasema kwa ufupi kwamba naheshimu hofu yao. Sijui, hata hivyo, kwa nini haisikiki kwa sauti hiyohiyo pale baruti inapolipuliwa juu ya matumbawe.

Katika mnyororo wote huu, kitu ninachokitamani kwa dhati ni friji ya naitrojeni. Willa hakuokolewa na ustadi wa mwaka 2020. Aliokolewa na mtu aliyechukua kipande cha ngozi mwaka 1988, alipokuwa hajui kitafanyiwa nini. Seli haziwezi kukusanywa baada ya mnyama kuisha, na zikikusanywa kutoka kwa mmoja tu tunarudi kwenye kisa cha Celia. Kazi hiyo inatakiwa kufanywa sasa, kwa wanyama wengi wa kila aina, madume na majike, wakiwa wangali na afya. Nayo inatakiwa kufanywa hapa.

Neno hapa nimelitumia makusudi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliona katika mkoa huu ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, akapeleka Ujerumani, na mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipoingia, likapewa jina la Saintpaulia. Ua hilo huoteshwa kwa jani: chomeka jani udongoni, upate nakala. Leo limejaa vyunguni madirishani Ulaya na Marekani, likiuzwa kwa mamilioni, huku ndugu zake wa mwituni hapa Tanga wakipungua kila msitu unapofyekwa. Hakuna anayeweza kusema kwamba ua hilo limetoweka, na hakuna anayeweza kusema kwamba limeokoka. Sheria za siku hizi ni bora kidogo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka nchi yenye kiumbe ipate sehemu ya faida itokanayo na vinasaba vyake. Hata hivyo anayedai sehemu yake akiwa na nakala ya sampuli mkononi husikilizwa kuliko anayedai kwa barua.

Nimewasikia maofisa wakisema kwamba benki ya seli ni anasa ya nchi tajiri. Mbona basi naitrojeni ya kimiminika imekuwa ikiingia vijijini kwetu kwa miaka mingi, kwa ajili ya ng'ombe? Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, huzalisha mbegu za madume bora, na mbegu hizo huhifadhiwa katika mitungi hadi kwa wafugaji wa maziwa, wakiwamo wa Muheza na Lushoto. Wataalamu wanaojua kuujaza mtungi kabla haujakauka wapo, na Tanga yenyewe ina kituo cha utafiti wa mifugo. Kinachokosekana ni maji maalumu ya kukinga seli zisipasuke kwa barafu, mafunzo ya wiki chache, na amri ya wizara mbili zinazohusika, moja ya mifugo na uvuvi na nyingine ya maliasili, kwamba mtungi mmoja utengwe kwa viumbe wasio na bei sokoni.

Kwa silikanti kazi ingeanzia kwenye diko la Deep Sea na madiko madogo ya kusini yake. Jarife likileta silikanti kwa bahati mbaya, mvuvi apige simu bila kuogopa kukamatwa, kipande cha pezi kichukuliwe mapema iwezekanavyo, kitiwe kwenye kichupa, kichupa kwenye mtungi, na tarehe, kina na jinsia viandikwe daftarini. Na kwa kuwa kila kichupa kitakuwa kimegharimu samaki mmoja aliyekufa, daftari hilohilo litaonyesha wazi ni wapi na kwa kina gani jarife lisitegwe tena.